Kifundo kinakaza huku mguu ukirefushwa: nisije nikashindwa pedali ya cherehani

Mshonaji wa Ngamiani

Nawasalimu nyote. Mie ni fundi cherehani, niko Tanga, umri miaka 29. Nikiwa darasa la kwanza nilianguka kutoka kwenye mwembe, mguu wa kushoto ukavunjika chini kidogo ya goti, na ile sehemu ya mfupa inayokua ikaumia. Wa kulia ukaendelea kurefuka, wa kushoto ukabaki nyuma. Nimeishi na tofauti ya sentimita 4. Kiatu cha kushoto naongezewa soli, na kila Desemba nikishona sare za shule mgongo hunikatika.

Sasa nimefanyiwa upasuaji wa kurefusha mguu: mfupa hukatwa, kisha vyuma huuvuta polepole ili mfupa mpya ujae katikati. Niko wiki ya sita, nina vyuma vya ringi vinavyouzunguka mguu, vimeshikwa kwenye mfupa kwa pini, kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo cha mguu. Tulisubiri siku 7, kisha nikaanza kuzungusha nati mwenyewe kwa spana namba 10: robo mzunguko mara 4 kwa siku, yaani saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mzunguko mzima ni milimita 1. Leo ni siku ya 31 ya kuzungusha, kwa hiyo milimita 31. Picha ya juzi ilionyesha mfupa unafunguka vizuri. Pini nazisafisha, hazitoi usaha.

Kinachonikosesha usingizi ni kifundo. Kabla ya upasuaji nilikuwa nachuchumaa visigino vikiwa chini. Sasa nikikaa sakafuni, mguu umenyooka, nikisukuma wayo ukutani, vidole vinagusa ukuta na kisigino hakifiki. Nimepima kwa futi kamba yangu: uwazi wa sentimita 2.5. Wiki ya kwanza haukuwepo. Cha ajabu, nikikunja goti kisigino kinafika.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Pedali ile inataka kisigino kishuke, vidole vishuke, kisigino kishuke, kutwa nzima. Mguu ukibaki umechongoka kama wa mtu aliyevaa viatu virefu, nitakuwa nimepata sentimita 4 na kupoteza kazi. Nanyoosha kwa kanga asubuhi na jioni, lakini inauma mno, na usiku naweka mto chini ya goti ili nipate kulala. Kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naenda mara moja kwa wiki, nauli hainiruhusu zaidi. Je, nivumilie maumivu hayo? Vyuma vikitoka, kifundo kitarudi chenyewe? Na pedali naweza kuanza kuikanyaga sasa?

Kinyozi wa Likoni

Dada, huo mto uondoe leo. Sikuamrishi, nakuomba.

Mimi niligongwa nikiwa kwenye pikipiki, mfupa wa chini ukaingia uchafu, wakakata kipande kibovu na kuurefusha mfupa kujaza mahali pale, sentimita 5. Vyuma nilikaa navyo karibu miezi 9. Mfupa ulishika sawasawa. Lakini miezi ile yote nilikuwa nimelala chali, mto chini ya goti, mguu umening'inia mbele kama wa maiti, na mahali nilipotibiwa hakuna aliyenionya. Nilidhani kazi ni kuzungusha nati tu. Vyuma vilipotolewa nikasimama kwa vidole, kisigino kiko juu ya sakafu kiasi cha kupitisha ngumi ya mtoto. Nikanyoosha miezi 4, kikashuka kidogo kisha kikagoma. Ikabidi nirudi kukatwa kano ya kisigino ili irefushwe. Plasta tena. Kuanza upya tena, na mimi kazi yangu ni ya kusimama.

Swali lako kama kitarudi chenyewe: changu hakikurudi.

Waliponifunza, nilikuwa nimechelewa, lakini wewe hujachelewa. Ndugu yangu seremala alinitengenezea ubao wa plaiwudi wenye umbo la wayo, akaweka sponji juu, akatoboa matundu mawili kila upande wa mbele. Unavaa kama kandambili, kisha mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli inatoka kwenye yale matundu hadi ringi ya juu. Mpira unavuta wayo kuja kwako polepole usiku kucha, bila wewe kufanya chochote. Ubao ufike mpaka ncha za vidole. Wa kwanza uliishia kwenye mzizi wa vidole, navyo vikajikunja kama kucha za mwewe. Kabla ya kuufunga mwonyeshe daktari wako ni ringi gani inafaa kubeba mipira.

Fizio Moshi

Bibie, pole sana na hongera kwa kupima. Hicho kipimo chako cha futi kamba kimenieleza zaidi ya barua nyingi za rufaa ninazopokea.

Umesema goti likikunjwa kisigino kinafika. Hapo ndipo jibu lilipo. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa inayoungana kwenye kano moja ya kisigino. Ule wa juu unaanzia juu ya goti, wa ndani unaanzia chini ya goti. Ukikunja goti, ule wa juu unalegea na kifundo kinakuwa huru. Ukinyoosha goti, unakaza. Kwa hiyo kilichofupika kwako ni ule wa juu, na kano yenyewe na kiungo bado viko salama. Ni habari njema, mradi usiiache. Mfupa unafunguka milimita 1 kwa siku, msuli haukui kwa kasi hiyo kirahisi. Kila siku msuli unadaiwa kidogo, na deni linalipwa kwa kuvuta kisigino juu.

Na mto chini ya goti unaufanya msuli huo ulale umelegea kwa muda wa saa 8 kila usiku. Kaka wa Likoni kasema kweli. Kama lazima uweke kitu, weka blanketi lililokunjwa chini ya kisigino au chini ya ringi ya chini, goti libaki limenyooka.

Jinsi ya kunyoosha: kunywa dawa ya maumivu uliyoandikiwa nusu saa kabla. Kaa sakafuni, mgongo ukutani, goti limenyooka kabisa. Kanga ipite mzizi wa vidole, si katikati ya wayo. Angalia kisigino kisipinde kwenda nje wala ndani, maana kikipinda unakunja katikati ya wayo na kujidanganya kwamba kifundo kimefunguka. Vuta mpaka uhisi kigimbi kinavutika, shika sekunde 30, legeza, rudia mara 5 au 6. Halafu goti likiwa limekunjwa, mara 3. Afadhali ufanye hivyo mara 5 kwa siku kwa upole kuliko mara 2 kwa machozi. Maumivu ya kuvutika yanayotulia ndani ya dakika chache baada ya kulegeza ni ya kawaida. Maumivu yanayokufanya ukaze mwili mzima hayakusaidii, msuli nao unajikaza kukupinga. Unazungusha nati mara 4, basi kila ukiweka spana chini shika kanga. Hutasahau.

Kuna maumivu ya aina nyingine usiyoyanyooshea kanga. Ganzi au michomo juu ya wayo, au kushindwa kuinua kidole gumba juu wakati jana uliweza: hiyo ni neva inavutwa. Piga simu kwa daktari siku hiyohiyo. Anaweza kupunguza kasi au kusimamisha kwa muda. Lakini usipunguze robo kwa uamuzi wako, kwa sababu mfupa unaweza kuunga kabla ya wakati na ukarudishwa kukatwa.

Kuhusu kusimama: Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan, Siberia, aliyeanzisha vyuma hivi katika miaka ya 1950, alitaka wagonjwa wake watembee navyo. Uzito wa mwili unausaidia mfupa kuwa mgumu, na wayo wote ukiwa sakafuni unakunyoosha kuliko mkono wangu. Muulize daktari wako umeruhusiwa uzito kiasi gani. Ukiruhusiwa, tembea na magongo kisigino kikitangulia, hata kama ni hatua 20. Na soli uliyozoea kuongezewa ipunguzwe kadiri mguu unavyorefuka, isikupindishe.

Mama wa Watatu

Mie ni mama tu, mwanangu alirefushwa akiwa na miaka 11. Naongeza kimoja: blanketi zito usiku linausukuma wayo chini. Sisi tuliweka boksi la katoni upande wa miguuni, blanketi likakaa juu ya boksi. Na vidole mnyooshee kimoja kimoja, hasa kidole gumba. Mwanangu tulimfanyia akitazama katuni. Alilia wiki mbili za mwanzo, na mimi nililia jikoni.

Mshonaji wa Ngamiani

Jamani, nimesoma nikiwa nimeushika mto mkononi. Nimeurudisha kitandani kwa mama. Fizio, pedali je? Hujanijibu.

Fizio Moshi

Samahani, bibie. Pedali ni zoezi zuri la kifundo ukiruhusiwa, lakini tazama goti lako ukiwa cherehanini: limekunjwa. Kwa hiyo unauchezesha msuli wa ndani na kiungo chenyewe, ule uliofupika hauguswi. Usije ukakanyaga kwa muda wa saa 2 ukasema umeshanyoosha. Toa mkanda kwenye gurudumu ili pedali iwe nyepesi, rudisha kiti nyuma ringi zisigonge meza, kanyaga dakika 5, ukitanguliza kushusha kisigino. Kisha shuka sakafuni, kanga.

Mshonaji wa Ngamiani

Nimerudi baada ya wiki 5, nilihisi nina deni kwenu.

Siku ya 40 niliweka spana chini, milimita 40 zimetimia. Sasa ni kusubiri mfupa ukomae, daktari kaniambia niyahesabu maisha ya vyuma kwa miezi, si wiki. Ubao nilichongewa na seremala wa Barabara ya 12 kwa mbao za sanduku, sponji nikashonea mwenyewe kitambaa cha khaki kilichobaki kwenye sare. Daktari alikagua mipira, akahamisha mmoja. Usiku wa kwanza niliuvua saa 8 usiku, nilishindwa. Wa pili nikafika alfajiri.

Vipimo, kila Jumapili, mahali palepale ukutani: 2.5, kisha 2.8 (hiyo ndiyo wiki iliyonivunja moyo, bado nilikuwa nazungusha), kisha 2.4, 1.5, 0.9. Juzi kisigino kiligusa ukuta goti likiwa limenyooka, kwa kuvuta kanga. Bila kanga bado nusu sentimita.

Daktari kaniruhusu kukanyaga uzito wote. Jana nilitoa mkanda wa cherehani, nikasogeza kiti nyuma kama nilivyoelekezwa. Gurudumu la juu halikuzunguka, pedali tu ilipanda na kushuka, na kisigino cha kushoto kikashuka nayo. Mama alisikia ule mlio wa chuma akatoka uani mbio kuja kuangalia.

Kaka wa Likoni, nakuombea kwa Mungu. Nimeweka kipande cha tyubu ya baiskeli cha akiba ndani ya droo ya bobini.