Bustani kubwa za burudani: filamu ndiyo inaamua nini kijengwe, au duka?

Ukuta_wa_Forodhani

Wakuu, habari za wakati huu.

Tangu Disney na Miral, kampuni ya Abu Dhabi inayoendesha bustani za burudani, watangaze Mei 2025 kwamba bustani mpya ya Disney itajengwa Yas Island, Abu Dhabi, ndugu zetu walioko Ghuba wanajadili bei ya tiketi na tarehe ya kufunguliwa. Mimi nauliza jambo jingine. Kisiwani hapo hapo kuna Ferrari World tangu 2010 na Warner Bros. World tangu 2018. Zote zimesimama juu ya majina ambayo watu waliyajua tayari kutoka kwenye magari, katuni na filamu.

Naomba wanaoijua kazi hii wanieleweshe. Mwenye jina ana sauti kiasi gani katika kinachojengwa? Na bidhaa zinaingiaje kwenye mchezo wenyewe? Zamani ulipanda, ukashuka, ukanunua fulana. Sasa naona fimbo na bangili za dukani zinaendesha vitu ndani ya bustani. La mwisho: huku kwetu, wanaochora Mickey na Spider-Man kwenye kasri za hewa za watoto wamesimama wapi kisheria?

Kalamu_ya_Mkataba

Mkuu, anza na mkataba ndipo uende kwenye mchoro.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Marvel, kampuni ya wahusika kama Spider-Man, pale Orlando, Florida. Mwaka 1994, Marvel ikiwa bado inajitegemea, iliipa MCA, iliyokuwa mmiliki wa Universal, haki ya kuwatumia wahusika wake kwenye bustani za burudani. Islands of Adventure, bustani ya Universal, ikafunguliwa 1999 ikiwa na eneo zima la Marvel: Hulk, Spider-Man, Doctor Doom. Disney ikaja kuinunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, lakini ilinunua pamoja na mkataba ule, na mkataba ule hauna tarehe ya kufa mradi Universal inaitunza sehemu hiyo kama walivyokubaliana. Kwa hiyo mashariki ya mto Mississippi, iliko Florida, mhusika ambaye Universal inamtumia, pamoja na kundi lake, Disney haiwezi kumweka kwenye bustani yake. Ndiyo sababu Avengers Campus, eneo la Marvel kwenye bustani za Disney, iko California (2021) na Paris (2022), na Florida haipo. EPCOT, bustani ya Disney huko Florida, ilipopata rola kosta yake mwaka 2022 ilibidi ichukue Guardians of the Galaxy, kundi ambalo Universal haikuwa ikilitumia. Jiografia ya mchezo ule imeamuliwa na karatasi iliyosainiwa miaka 28 kabla.

Mfumo wa pili ni wa Tokyo. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa Aprili 1983, ni mali ya kampuni ya Kijapani, Oriental Land Company. Wao walijenga na wao wanaendesha. Disney inatoa wahusika na usanifu, kisha inachukua mrabaha, yaani sehemu ya mapato. Viwango vinavyotajwa siku zote ni asilimia 10 ya tiketi na asilimia 5 ya chakula na bidhaa. Abu Dhabi inafuata njia inayofanana: Miral inagharamia ujenzi na uendeshaji, Disney inasanifu na kupokea mrabaha. Itazame hiyo 5 kwa makini. Mwenye bustani anabaki na sehemu kubwa ya kila mdoli unaouzwa, hivyo ana kila sababu ya kutaka maduka mengi na bidhaa ambazo hazipatikani kwingine.

Kuhusu sauti ya mwenye jina: mkataba wa leseni hutaja eneo la kijiografia, aina za bidhaa, kiwango cha chini cha malipo hata mauzo yakiwa duni, na hatua za kuidhinisha. Kwa kawaida ni mchoro, kisha mfano wa awali, kisha sampuli ya kiwandani, kisha bidhaa kamili. Kila hatua inahitaji saini. Kinachowaumiza wengi ni kuagiza mzigo kiwandani baada ya mchoro kukubaliwa, wakati rangi ya sampuli bado haijapita. Mzigo ukikataliwa, hasara ni yako peke yako. Na soma kifungu cha kumaliza masalio: leseni ikiisha, una siku chache tu za kuuza kilichobaki stoo, baada ya hapo ni kuharibu.

Fundi_Mitambo

Nijibu la bidhaa kuingia mchezoni, maana hapo ndipo kazi ilipobadilika kabisa.

Chukua fimbo za uchawi za Harry Potter pale Universal, Orlando. Hogsmeade, eneo la kwanza la Harry Potter, ilifunguliwa Juni 2010 na fimbo ilikuwa kumbukumbu tu ya kuweka kabatini. Diagon Alley, eneo la pili, ilipofunguliwa Julai 2014, zikatoka fimbo zinazofanya kazi. Ndani ya fimbo hizo za kwanza hamna betri. Kwenye ncha kuna kipande kidogo kinachorudisha mwanga kule ulikotoka. Kwenye dirisha la duka wameficha taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na kamera. Kamera inaona nukta moja inayong'aa, inafuata njia yake, inalinganisha na umbo lililowekwa kwenye programu, na umbo likikubali, taa inawaka au maji yanaruka. Sahani ya shaba iliyopachikwa chini inaonyesha usimame wapi na uchore umbo gani.

Inakataa kwa sababu zinazojulikana. Watu huchora kwa mkono mzima, nukta inatoka nje ya upeo wa kamera. Tumia kifundo cha mkono na uchore dogo. Mtoto akisogea karibu mno na kioo anakuwa chini ya upeo huo. Ncha ikichubuka, mwanga haurudi vizuri. Na koti lenye mistari ya kung'aa usiku linaipa kamera nukta nyingi kwa mpigo.

Super Nintendo World (Osaka Machi 2021, Hollywood Februari 2023, Orlando Mei 2025) imekwenda mbali zaidi. Kuingia eneo hilo hulipii bangili, lakini sehemu ya kupambana na Bowser Jr., adui wa Mario, haifunguki bila hiyo: lazima kwanza ukusanye funguo tatu kwenye michezo midogo, na funguo zinahesabiwa kwenye bangili. Bangili ina chipu inayosomwa kwa karibu sana, kwa hiyo gonga boksi kwa mkono uliouvaa, na uiunganishe na programu ya simu kabla hujaanza kukusanya. Familia ikitumia bangili moja kwa zamu, alama zote zinaingia kwa mtu mmoja.

Kwa Web Slingers, mchezo wa Spider-Man wa Avengers Campus ya California, mchezo unasoma mikono mitupu. Unarusha utando bila kifaa chochote. Lakini dukani kuna bangili inayokuongezea nguvu ya kurusha. Mimi naliona hilo kuwa kosa la usanifu. Bangili ya Nintendo inafungua kitu cha ziada. Hii inampa aliyelipa alama nyingi kuliko mtoto aliyekaa naye kiti kimoja.

Sasa duka la kutokea. Watu hulidharau, na ni hesabu ngumu. Tuseme gari lina viti 4 na linaondoka kila sekunde 9. Hiyo ni magari 400 kwa saa, watu 1,600. Wote wanamwagika dukani. Wakikaa wastani wa dakika 9, ndani watakuwamo watu 240 kwa wakati mmoja. Mpe kila mtu mita 2 za mraba pamoja na rafu, unahitaji mita 480 za mraba. Mwenye jina akishikilia duka dogo la mita 150 kwa sababu kwenye hadithi ni dogo, linabeba watu 75, na kila mmoja ana chini ya dakika 3 kabla hajasukumwa nje na wanaofuata. Kaunta nazo: familia za watu wanne zikiwa 400 kwa saa na nusu yake zikinunua, ni malipo 200. Malipo moja yakichukua sekunde 90, kaunta moja inahudumia 40, kwa hiyo weka 5.

Hogsmeade ya 2010 ilikumbwa na hili hasa. Ollivanders ni chumba kidogo chenye onyesho la kuchagua fimbo, kinapokea watu kama dazeni mbili kwa zamu, na foleni ikawa ndefu kuliko ya michezo mingi. Diagon Alley walijenga vyumba kadhaa vya onyesho hilo hilo nyuma ya mlango mmoja.

Kuna pia njia ya kuligeuza duka lenyewe kuwa mchezo. Savi's Workshop ya Galaxy's Edge, eneo la Star Wars kwenye bustani za Disney (2019), inaingiza watu 14 kwa zamu ya dakika zipatazo 20. Kila mmoja anachagua jiwe la rangi, mpini na vipande vyake, anaunganisha upanga wa mwanga, na unawashwa mbele ya wote. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 199.99. Zamu tatu kwa saa ni panga 42, zaidi ya dola 8,000, bila reli wala gari.

BintiMvita

Kaka Fundi, hesabu nimezipenda. Ila nyote wawili mmeenda kama vile bustani zote zinaanzia kwenye filamu. Niongeze mifano miwili inayokwenda kinyume.

Wa kwanza unatuhusu. Animal Kingdom ya Florida ilifunguliwa Aprili 1998 na kijiji kiitwacho Harambe, mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki, wenye kuta za chokaa zilizochakaa na mabango ya Kiswahili. Hapakuwa na filamu nyuma yake. Safari ya magari inaitwa Kilimanjaro Safaris, duka linaitwa Mombasa Marketplace, kibanda cha vitafunio ni Tamu Tamu. Onyesho la The Lion King lilikuwa upande mwingine kabisa, Camp Minnie-Mickey. Kisha Disney wakaamua kujenga Pandora, dunia ya filamu ya Avatar, na wakaitaka ardhi ile. Onyesho likaondolewa mapema 2014 na kufunguliwa tena mwaka huo huo ndani ya Harambe, kwenye ukumbi mpya. Pandora ikafunguliwa Mei 2017. Filamu moja ikaisukuma nyingine, na ile iliyosukumwa ikaingia kwenye mji uliokuwa ukijitegemea. Mtu akienda leo ataona Harambe na Simba kama kitu kimoja tangu mwanzo. Si hivyo, na mimi naona Harambe ilisimama imara zaidi ilipokuwa peke yake, kwa sababu kila kitu pale kilikuwa kikieleza mahali.

Wa pili ni Duffy, dubu wa Tokyo DisneySea, bustani ya pili ya Disney pale Tokyo. Alianza Florida mwaka 2002 kama mdoli asiye na jina la kueleweka na hakutikisa soko. Mwaka 2005 Wajapani wakampa jina Duffy na hadithi fupi: Minnie alimshonea Mickey ili awe naye baharini. Akavuma. Wakaja ShellieMay 2010, Gelatoni 2014, StellaLou 2017. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye filamu. Eneo la Cape Cod, ambalo halikuwa na mchezo mkubwa, likawa nyumbani kwake: duka lake, mgahawa wenye onyesho lake. Shanghai wakafuata na LinaBell, Septemba 2021. Hapa mdoli ndiye aliyejenga mahali. Na ukirudi kwenye ile asilimia 5 ya Kalamu, unaona kwa nini jambo hili lilitokea Tokyo.

Kalamu_ya_Mkataba

Dada BintiMvita, kwa Duffy umesema kweli. Ila mbuni wa mahali pengine asidhani ataiga tu. Duffy aliuzika kwa sababu kwa miaka mingi hukumpata nje ya bustani husika. Bidhaa ikianza kuuzwa kila duka la mjini, sababu ya kusafiri kuifuata inapotea.

Ukuta_wa_Forodhani

Asanteni sana. Nimeelewa kwamba kabla ya kuuliza filamu gani, niulize nani anabaki na pesa za duka. Bado lile la kasri za hewa.

Karani_wa_Alama

Mkuu, kwa ufupi: kumchora Spider-Man kwenye kasri la hewa na kukodisha kwa saa ni matumizi ya biashara. Inagusa hakimiliki ya mchoro na alama ya biashara kwa pamoja. Kununua kasri kutoka kiwandani likiwa limeshachorwa hakukupi leseni. Nchini Kenya kuna pia Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na mzigo unaweza kuzuiwa bandarini kabla hujaulipia ushuru.

Njia mbili ziko wazi. Moja, agiza kasri lenye rangi na maumbo ya kawaida: ngome, samaki, twiga. Mwambie kiwanda kwa maandishi kwamba hutaki mhusika yeyote mwenye mwenyewe, na udai picha ya kila upande kabla ya kulipa salio, kwa maana upande wa nyuma ndiko hubandikwa sura usizoagiza.

Mbili, tengeneza mhusika wako. Mchoraji akishamaliza, hakikisha amekuhamishia haki kwa maandishi; risiti ya malipo peke yake haitoshi. Kisha sajili alama: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya. Usajili wa Bara haukulindi Zanzibar. Alama husajiliwa kwa madaraja, na kila daraja lina ada yake. Kwa bustani ndogo anza na daraja la 41, la burudani, na la 28, la vitu vya kuchezea. Fulana ni la 25, ongeza utakapokuwa na fulana za kuuza kweli. Mchoro wenyewe upeleke ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, KECOBO kwa Kenya.

Kama unataka wahusika ambao watoto wanawajua tayari, wapo waliozaliwa hapa. Ubongo Kids, katuni ya kuelimisha watoto, inatengenezwa Dar es Salaam tangu 2014 na watoto wanaitazama nchi nyingi. Barua ya kuomba leseni itaje mambo manne: eneo, bidhaa zipi, idadi kwa mwaka na muda. Ambatanisha picha ya mahali penyewe na cheti cha usalama wa mitambo yako, kwa sababu mwenye mhusika ataogopa ajali kabla ya kitu kingine chochote.