Skrini ya makaribisho ya BBS: nimechora kwa TheDraw, kila terminali inaivuruga kivyake

Kitalu219 (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina BBS ndogo ya kujifurahisha (ubao wa ujumbe wa kompyuta), watu wanaingia kwa telneti tu, yaani kupitia mtandao, laini ya simu hakuna. Nataka skrini ya makaribisho iwe ya zamani kwelikweli, kwa hiyo nachora kwa TheDraw 4.63, programu ya DOS ya kuchora kwa herufi, ndani ya DOSBox inayoiga DOS. Mchoro ni safu 80 kwa mistari 25: juu neno KARIBU, katikati jahazi lenye tanga la njano, na fremu imezunguka skrini nzima. Ndani ya TheDraw unapendeza. Ukitoka nje ndiyo kasheshe:

1. Terminali ya PuTTY inaonyesha Û, Ü, ß na alama kama ° ± ² badala ya vitalu.
2. Tanga nimelijaza kwa ░ juu ya rangi ya nyuma ya njano. Kwenye SyncTERM (terminali ya BBS) linawaka na kuzima, kwenye PuTTY limetulia.
3. Kwenye PuTTY baadhi ya mistari imehama, fremu ya kulia haikai sawa.
4. Mstari wa juu kabisa unapotea.
5. Ujumbe wa chini, "habari za ng'ambo", niliubandika kutoka Word. Unatoka "ngΓÇÖambo".

Halafu, nibaki na TheDraw au nihamie programu mpya?

---

BaitiMoja

Namba 1 na namba 5 ni ugonjwa mmoja. Faili la ANSI (mchoro kama wako, herufi pamoja na kodi za rangi na kishale) ni mfululizo wa baiti, na kila baiti terminali inaenda kuitafuta kwenye jedwali lake la herufi. TheDraw inaandika kwa CP437, jedwali la IBM PC, ambako 219 ni █, 220 ni ▄, 223 ni ▀, na 176, 177, 178 ni ░ ▒ ▓. Baiti hizohizo kwenye Latin-1, jedwali jingine, zinasomeka Û, Ü, ß, °, ±, ². Ukiona hizo ujue faili lako ni zima, terminali ndiyo inasoma jedwali la mwingine. Kwenye PuTTY nenda Window, kisha Translation, kwenye Remote character set chagua CP437, halafu hifadhi hiyo sesheni, la sivyo kesho utaanza upya.

Dalili ya pili ni kinyume chake. Ukiona Γûê kila palipotakiwa kuwa na █, hapo faili lenyewe limeguswa: kuna kihariri kimelifungua na kulihifadhi kama UTF-8 (usimbaji wa siku hizi), kitalu kimoja kikawa baiti tatu (E2 96 88). Hilo linarudishwa hivi:

`iconv -f UTF-8 -t CP437 KARIBU.ANS > KARIBU2.ANS`

Usiandike juu ya faili lilelile, maana litafutwa kabla halijasomwa.

Ujumbe wako wa ng'ambo ndio uko kwenye kundi hili la pili. Word imebadili kiapostrofi cha kawaida (baiti 39) kuwa kile kilichopinda, ambacho kwa UTF-8 ni E2 80 99, na CP437 inazisoma Γ, Ç, Ö. Futa, andika upya kwa kibodi ndani ya TheDraw. Kiswahili hapa kina nafuu kubwa, hakuna herufi nyingine yoyote ya kukusumbua. Wafaransa na Wareno ndio walipata tabu na jedwali hili.

Na faili likiwa kwenye Git (programu ya kutunza matoleo ya faili), weka `*.ANS binary` kwenye .gitattributes. Likipitishwa kwa FTP, tumia hali ya binary. Hali ya ASCII inabadili miisho ya mistari na unaanza kutafuta kosa ambalo hukulifanya.

---

SafuYa79

Nichukue 2, 3 na 4.

Kuwaka na kuzima. Kwenye hali ya maandishi ya PC kila herufi ina baiti moja ya rangi: biti nne za rangi ya mbele (rangi 16), tatu za rangi ya nyuma (rangi 8), na ile ya mwisho ni ya kuwaka na kuzima. Njano ya kung'aa ni rangi 14, na nyuma zinaishia 7. Ulipoilazimisha, TheDraw ikaandika kodi ya 5, yaani waka-zima. SyncTERM imetii. PuTTY kwa kawaida haiwashi-zimi. Badala yake inaonyesha rangi ya nyuma iliyokolezwa, ndiyo maana unaona ni shwari. Bahati tu hiyo. Njia ya uhakika: usitegemee rangi ya nyuma kujaza tanga. Jaza kwa █ yenye rangi ya mbele 14. Kwa jicho ni kitu kilekile, na hakuna biti inayogombaniwa.

Kama unataka kabisa rangi 16 za nyuma (wachoraji wanaziita iCE), tanguliza `ESC[?33h` mwanzoni mwa faili (ESC ni baiti 27, inayoanzisha kodi). SyncTERM inaelewa. Terminali nyingine nyingi zitaipuuza, tanga litaendelea kuwakawaka, kwa hiyo kwa skrini ya makaribisho mimi nashauri uachane nayo.

Mistari kuhama. Chanzo ni safu ya 80. Kwenye ANSI.SYS, kiendeshi cha DOS kinachosoma kodi hizi, ukiandika safu ya 80 kishale kinashuka papo hapo hadi mwanzo wa mstari unaofuata. TheDraw inalitegemea hilo, haiweki mwisho wa mstari. PuTTY inafuata VT100, terminali ya zamani: kishale kinasubiri palepale hadi herufi nyingine ije. Sasa kama mstari unaofuata unaanza na nafasi tupu, TheDraw haiandiki nafasi hizo, inaandika `ESC[5C`, sogea kulia hatua tano. Kishale bado kiko safu ya 80, hakina pa kusogea, amri inapotea bure na mstari unavutwa kushoto ya mahali pake. Angalia mistari iliyohama kwako, utakuta ndiyo inayofuata mstari uliojaa hadi ukingoni.

Ukijitibu kwa kuongeza mwisho wa mstari baada ya safu ya 80, PuTTY itapona na SyncTERM itakupa mstari mtupu kila baada ya mmoja. Dawa inayofanya kazi kote ni moja: ishia safu ya 79. Vuta fremu ya kulia hatua moja ndani.

Mstari wa juu. Ukiandika safu ya 80 ya mstari wa 25, skrini inasogea juu. Na hata usipoandika, BBS itaweka swali lake la jina chini ya mchoro. Terminali nyingi za zamani zilikuwa pia na mstari wa hali chini, zikabaki na 24. Chora mistari 22, au 23 ukibanwa.

Kuna jingine hujaliuliza ila litakukuta. Wakati wa kuhifadhi (Alt-S, kisha ANSI) TheDraw inauliza maandalizi ya skrini: chagua kufuta skrini, itaandika `ESC[2J` mwanzoni. Kisha inauliza urefu wa juu wa mstari ndani ya faili. Weka 255. Ukiweka mdogo, mistari mirefu inakatwa kwa `ESC[s`, mwisho wa mstari, kisha `ESC[u`, yaani hifadhi mahali pa kishale, shuka, rudi. Ikitokea kwenye mstari wa mwisho wa skrini, ule mwisho wa mstari unasukuma kila kitu juu, kishale kinarudi mahali pa zamani, na sehemu iliyobaki inaangukia mstari usio wake.

---

Kivuli177

Kwenye uchoraji wenyewe.

Kwenye seti ya vitalu, vitufe F1 hadi F4 ni ░ ▒ ▓ █, F5 ni ▀, F6 ▄, F7 ▌, F8 ▐. Alt-A inafungua rangi. Alt pamoja na F1 hadi F10 inabadili seti ya herufi, na hapa chunga: Alt-F4 inaweza kudakwa na mfumo wa kompyuta yako na kufunga dirisha la DOSBox zima, kazi ikapotea. Hifadhi kwanza, au badilisha kitufe hicho kwenye mpangilio wa vitufe wa DOSBox (Ctrl-F1). Majina ya faili yawe herufi nane na tatu, na ukiweka faili kwenye folda DOSBox ikiwa tayari inaendesha, bonyeza Ctrl-F4 ili ilione.

Kivuli cha tanga: anza na █ rangi 14. Kisha ▓, ▒, ░ rangi ya mbele 14 juu ya nyuma 6. Kisha █ rangi 6. Kisha ▓, ▒, ░ rangi 6 juu ya nyuma 0. Hizo ni ngazi nane kutoka njano hadi gizani, na katika zote rangi inayong'aa iko mbele, hakuna kinachowaka na kuzima. Kanuni hiyo inafaa kila jozi: 9 na 1 kwa bahari, 11 na 3 kwa anga, 12 na 4 kwa bendera. ░ ni kama robo ya rangi ya mbele, ▒ nusu, ▓ robo tatu. Usizitumie zote kila ukingo, mchoro unakuwa na ukungu. Upande unaopigwa na jua unaweza kuruka kutoka █ ya 14 hadi █ ya 6 bila kitu katikati, jahazi likaonekana gumu.

Rangi 6 hiyo nayo ina kisa. Kwenye VGA (kadi ya skrini ya PC za zamani) ni kahawia, 170, 85, 0, kwa sababu kijani chake kimepunguzwa makusudi. PuTTY inaifanya 187, 187, 0, ndiyo maana mbao za jahazi zitaelekea kijani. Anayetaka kuona sawasawa abadili ANSI Yellow kwenye Window, Colours. Wageni wako hawatafanya hivyo, kwa hiyo usitegemee kahawia peke yake kumwambia mtu kwamba ile ni mbao; weka mistari ya mbao kwa rangi 0.

Neno KARIBU: fonti za TheDraw zinaishia mistari 12 kwa urefu na safu 30 kwa upana. Kwa herufi sita ndani ya safu 79, kila moja isizidi safu 13. Nyingi zina herufi kubwa tu. Ukiandika ndogo hakitokei kitu, usidhani fonti ni mbovu.

---

Kitalu219

Shukrani sana. Nimeishia safu ya 79, mistari 22, PuTTY na SyncTERM zote zimetulia. Tanga nimelijaza kwa █.

Limebaki jambo moja. Ukingo mshazari wa tanga nauchora kwa ▀ na ▄ ili usiwe na ngazi kubwa. Anga nimeipa 11. Njano juu, samawati ya kung'aa chini, ndani ya kitalu kimoja: haikubali, lazima moja ianze kuwaka na kuzima.

---

Kivuli177

Na haitakubali. Nusu kitalu ni rangi mbili, moja mbele, moja nyuma, na nyuma ni 0 hadi 7 tu. Rangi mbili zinazong'aa haziwezi kukutana ndani ya kitalu kimoja.

Punguza anga. Ipe 3 au 1 pale inapogusana na tanga, na 11 ibaki mbali, juu ya upeo wa bahari, ukishuka kwa ▓▒░ za 11 juu ya 3. Hapo ukingo wote unakuwa 14 mbele, 3 nyuma. Ukingo ambao tanga liko juu tumia ▀, ambao tanga liko chini tumia ▄; rangi hazibadiliki, unabadili kitufe tu, F5 au F6. Ukifuata hivyo unachora kama una nukta 80 kwa 50 zenye umbo la mraba, maana herufi ni nukta 8 kwa 16 na umeikata katikati.

---

BaitiMoja

Kuhusu programu: TheDraw ya Ian E. Davis inakutosha kwa skrini moja. Ukitaka mchoro mrefu wa kusogea, nenda Moebius au PabloDraw, programu mpya zaidi za kuchora ANSI, zinafungua .ans yako bila kubadili chochote.

---

SafuYa79

Mimi ningehama leo leo. Kwenye Moebius unaweza kuwasha herufi za nukta 9 na kuona mchoro kama VGA halisi ilivyouonyesha. VGA inarudia nukta ya nane kwenye ya tisa kwa herufi 192 hadi 223 tu. █ ▄ ▀ zimo. ░ ▒ ▓ hazimo, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani zina mfereji mwembamba wima kila herufi. Mtu akikutumia picha ya skrini yenye mistari hiyo, usihangaike, si kosa.

Kasi nayo iangalie. Modemu ya 2400 ilipitisha baiti 240 kwa sekunde. Skrini ya herufi 2000 isiyo na rangi ni sekunde 8 na kitu; kila ukibadili rangi unaongeza kodi kama `ESC[1;33;46m`, baiti 10. Mchoro wenye vivuli ukifika baiti 6000, ni sekunde 25. Kwa telneti hakuna anayesubiri, lakini SyncTERM inaweza kuiga kasi ya zamani, Alt na mshale wa juu au chini. Utaona jahazi likijichora mstari kwa mstari.

---

BaitiMoja

Sikatai. Ila akihama ajue kuna SAUCE, lebo ya maelezo ya mchoro: baiti 128 mwishoni mwa faili, zikitanguliwa na baiti 1A, zenye jina la mchoro (nafasi 35), mchoraji (20), kikundi (20) na tarehe. Ilikuja 1994 kutoka kwa watu wa ACiD, kikundi cha wachoraji wa ANSI; TheDraw 4.63 ni ya 1993, haiijui. Baadhi ya BBS haziikati, mgeni anakuta "SAUCE00" na takataka chini ya mchoro. Angalia kwa `tail -c 128 KARIBU.ANS`. Ikiwepo na BBS yako inaimwaga, hifadhi nakala ya kuonyesha bila SAUCE.

Na usitumie herufi 255 kama nafasi tupu, ingawa michoro mingi ya zamani inayo. Kwenye telneti 255 ni alama ya kuanza amri, lazima seva iitume mara mbili. Seva isiyofanya hivyo, terminali inameza herufi inayofuata na mstari unapungua. Tumia nafasi ya kawaida, 32.

---

Kitalu219

Nimekagua: 255 zilikuwa nne, zote kwenye fremu ya kushoto. Nimebadili kuwa 32. Anga imekuwa 3, ukingo wa tanga umenyooka. Nabaki na TheDraw kwa hii, menyu nitazichora kwa Moebius.