Kuh: Barua ya utafiti imekwama kata kwa sababu ya neno "chama"

Binti wa Likoni (Sinza), Jumanne, saa 3:10 usiku

Wapendwa,

Naomba msaada wa haraka kutoka kwa wale waliokwisha kupita njia hii. Kwa wasionijua, mimi ni Mkenya, nasoma shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha Uingereza, na niko hapa Dar kukusanya data kuhusu namna wanawake wenye biashara ndogo wanavyochanganya akiba za vikundi na mikopo ya simu. Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) ninacho, Class C, yaani kibali cha ukaazi cha watafiti, ninayo, barua za RAS (Katibu Tawala wa Mkoa), DAS (wa Wilaya) na Mkurugenzi wa halmashauri zote ninazo, tena zina mihuri inayosomeka. Nimekwama kwenye mlango wa mwisho.

Leo asubuhi mtendaji wa kata moja, ambayo sitaitaja, alisoma kichwa cha utafiti wangu, "Vyama vya Wanawake na Mikopo ya Simu", akavua miwani na kuniuliza kwa upole: "Chama gani?" Nikamjibu kwa uaminifu kwamba ni vyama vyote vilivyomo katika kata yake, vikubwa kwa vidogo, na kwamba hasa ningependa kujua nani huvichangia fedha na nani huzitumia. Haki ya Mungu, sikuelewa kwa nini ofisi nzima ilinyamaza.

Alinirudishia bahasha yangu kwa mikono miwili. Akasema kama ni vyama vya siasa, niende kwa Msajili. Kama ni vyama vya akiba na mikopo, niende kwa Afisa Ushirika. Na kama ni kitu kingine, nirudi nilikotoka nikaandikiwe upya.

Maswali yangu ni mawili. Je, nalazimika kurekebisha kichwa cha utafiti COSTECH na kuanza mnyororo wote tangu kwa RAS, au barua ya ufafanuzi ya msimamizi wangu wa hapa inatosha? Na pili, je, rekodi za mahojiano zinahitaji idhini ya PDPC (Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi) kabla sijaondoka nazo kurudi Uingereza? Class C yangu imebakiza wiki 6.

Mama Amani (Tabata), Jumanne, saa 4:25 usiku

Pole sana, mdogo wangu, ingawa nakiri nimecheka mpaka mume wangu akaamka. Hapa mjini ukisema "chama" bila kuongeza neno, watu wanasikia Chama chenyewe, yaani chama tawala, na wewe ukaenda kuuliza nani anakichangia! Kile ambacho sisi nyumbani Kenya tunakiita chama, huku ni kikoba ikiwa wanachama wananunua hisa, wanakopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko. Ikiwa mnapokezana fungu tu bila mkopo, huo ni upatu, au mchezo. Niliishi hapa miaka 2 kabla ya kujua kwamba jirani aliyekuwa akisema "leo ninacheza" alikuwa anakwenda kutoa pesa.

Huyo mtendaji, kwa kweli, hakukosea kukutajia Afisa Ushirika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja 4: benki ziko daraja la kwanza, wakopeshaji wasiopokea amana daraja la pili, SACCOS daraja la tatu, na vikundi vya kijamii kama VICOBA daraja la nne. "Vyama vya akiba na mikopo" ndilo jina la Kiswahili la SACCOS, kwa hiyo barua yako imekupeleka daraja la tatu wakati watu unaowatafuta wako la nne, ambao husajiliwa katika halmashauri kwa mamlaka iliyokasimiwa na BoT, yaani Benki Kuu. Mtafute Afisa Maendeleo ya Jamii. Barua ya ufafanuzi inatosha. Mimi ilinitosha mwaka 2019.

Hata hivyo nikuonye jambo moja, maana lilinigharimu. Mwaka huo nilikuwa nimepewa kazi ya kuhoji vikundi kuhusu madeni, nikafuata mnyororo wote kwa adabu. Mtendaji wa kata akanikabidhi kwa mtendaji wa mtaa, naye akanikabidhi kwa mjumbe, na mjumbe akaniletea vikundi 12, vyote vina katiba, vina daftari, na vimeketi kwenye viti vya plastiki vya rangi moja. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyesema anadaiwa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa inayomkamua mkopaji. Wiki ya tatu nilikwenda kusuka nywele katika saluni iliyo jirani na ofisi ile ile, na kabla kichwa hakijafika nusu nilikuwa nimekwisha kusikia habari za wakopeshaji 4, wa televisheni iliyobebwa, na wa mama mmoja aliyehama mtaa usiku kwa sababu ya mkopo ambao hata nauli ya kwenda Mwanza unaizidi kidogo tu. Ripoti yangu haikuweza kuyatumia hayo kwa sababu saluni haikuwemo kwenye kibali. Wanaosoma ripoti ile wanaamini mtaa ule hauna shida ya madeni.

Mzee wa Kinyerezi, Jumatano, saa 12:05 asubuhi

Mabinti zangu, salaam.

Mama Amani asiwe mwepesi kusema "inatosha". Kibali kimefungwa na kichwa cha utafiti kilichoombewa, na msimamizi hana mamlaka ya kukifafanua kibali ambacho hakukitoa yeye. Nilisimamia wanafunzi wa chuo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na niliona mmoja akirudishwa kutoka Temeke kwa sababu ya herufi moja katika jina la mtaa. Zaidi ya hayo, binti wa Likoni hajatuambia barua zake zimeelekezwa wapi. Ikiwa kata yenyewe iko Ilala na barua imeandikwa "Manispaa ya Ilala", basi ana tatizo la pili, kwa kuwa tangu Februari 2021 Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ilhali vyuo vingi vya nje bado vinanakili barua za zamani.

Na kausha damu si daraja la nne, wala si daraja lolote ikiwa mkopeshaji hana leseni. Aliye na leseni ya ukopeshaji binafsi ni daraja la pili. Tusichanganye.

Mniwie radhi nikisema kwamba mambo haya yananichosha moyo. Nilikuja mji huu mwaka 1974 nikiwa karani kijana wa Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa hapa hapa, na sikumbuki kuulizwa kibali cha kukaa na mtu yeyote, kwa kuwa nilikuwa mtumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakati ule aliyetaka kuchunguza fedha za nchi hii alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, maana baada ya Azimio la Arusha la 1967 benki za biashara zilitaifishwa na karibu kila amana ikaingia NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, mpaka sheria ya 1991 ilipofungulia benki binafsi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, wenzangu walirudi Mombasa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuoa Ilala. Chumba nilichopanga wakati huo sasa ni duka la vipuri, lakini mwembe wa nyuma bado upo, na kila Desemba napita kuutazama.

Baba Imani (Mbezi Beach), Jumatano, saa 2:40 asubuhi

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, ninaona tunamfundisha dada yetu kutembea na bahasha wakati anachokitafuta tayari kimeandikwa kwenye kompyuta. Nafanya kazi katika kampuni ya malipo kwa simu, na kila siku ninaona miamala ambayo hakuna hojaji ingeweza kuipata. Utafiti maarufu kuhusu jambo hili ulifanyika nyumbani Kenya: wanauchumi Tavneet Suri na William Jack walionyesha mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 katika umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya za Kenya. Na hapa Tanzania FinScope ya 2023, utafiti wa kitaifa wa matumizi ya huduma za fedha, inasema watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha wamefikia asilimia 76, kutoka 65 mwaka 2017. Aombe data kutoka kwa mtandao mmoja wa simu, aandike tasnifu yake, arudi zake.

Kuhusu PDPC, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Inagusa pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Asome kanuni.

Mama Amani (Tabata), Jumatano, saa 3:15 asubuhi

Baba Imani, Suri na Jack hawakuomba data ya kampuni wakarudi zao. Walirudi kwenye kaya zile zile kwa miaka kadhaa na kuzihoji, na ndiyo maana tuna cha kubishania. Kisha usisahau kwamba mwaka 2019 watafiti Bateman, Duvendack na Loubere waliwapinga vikali, wakisema hesabu ile haikuwaangalia wafanyabiashara walioanguka wala madeni yaliyoongezeka. Sisemi nani ana haki. Nasema hiyo 194,000 usiitoe kana kwamba ni bei ya sukari.

Kwa kuwa umeanza sifa za nyumbani, M-Pesa tulianzisha sisi Machi 2007, sawa, lakini huku mitandao ilianza kutumiana pesa moja kwa moja tangu 2014, wakati sisi tulisubiri mpaka 2018. Mwaka ule nilikuwa nikimsimulia dada yangu wa Nakuru, hakuniamini.

Na miamala yako haioni kitu pesa inapotoka kwenye simu. Tozo zilipoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, jirani yangu muuza mitumba aliacha kutuma kwa simu na kurudia kumpa kondakta wa basi la Morogoro bahasha. Kwenye kompyuta yako huyo mama alionekana ameacha biashara. Serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30 Septemba ile ile, lakini yeye alikwisha kuzoeana na kondakta.

Baba Imani (Mbezi Beach), Jumatano, saa 3:22 asubuhi

Jirani mmoja si utafiti.

Mama Amani (Tabata), Jumatano, saa 3:24 asubuhi

Na asilimia 76 si jirani.

Mwana wa Goma (Kigamboni), Jumatano, saa 7:50 mchana

Bandugu, samahani kwa Kiswahili chetu cha Kivu, ninajitahidi kukinyoosha. Sisi hicho mnachokiita upatu tunakiita likelemba, na ninaomba dada akiongeze kwenye orodha yake, kwa kuwa sisi tunaofanya biashara ya vitenge Kariakoo tunacho chetu, hakina katiba wala mhuri, na hakijawahi kudhulumu mtu. Sidhani mtendaji yeyote anajua kwamba kipo, na nisingependa ajue.

Mimi pia nina swali. Kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya tangu 2022, je, mtu mwenye Class A, kibali cha ukaazi cha wawekezaji, anaweza kufanya utafiti mdogo kwa ajili ya shahada ya masafa, au lazima abadilishe kwenda C? Niliuliza dirishani mara 2 na nikapata majibu 2.

Mnapozungumza habari za fedha rasmi, mimi namfikiria mama yangu. Tangu benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, pesa ninayomtumia inafika kwenye simu yake salama, ila noti ndizo hazipo, na wakala hukata fungu lake kwanza ndipo amhesabie. Kwenye kompyuta ya Baba Imani, mama yangu yumo katika hizo asilimia. Jioni ninapovuka na pantoni na upepo ukageuka, maji hunikumbusha Kivu, ingawa ziwa letu halinuki chumvi.

Baba Imani (Mbezi Beach), Jumatano, saa 8:30 mchana

Pole sana, ndugu yangu. Hilo la wakala ni kweli, na huwa hatulioni. Salaam kwa mama.

Binti wa Likoni (Sinza), Alhamisi, saa 1:15 usiku

Nawashukuru wote. Leo nilimtafuta Afisa Maendeleo ya Jamii kama alivyoelekeza Mama Amani. Alikuwa kwenye kikao, lakini karani wake alinikaribisha chai na kunionyesha rejista ya vikundi, akaniambia nikirudi na barua iliyosahihishwa atanipangia 10 vya kuanzia, "vile vilivyo hai". Nilipotoka nje nilisimama kwa mama anayeuza karanga langoni, na bila hata kumuuliza akaniambia yumo katika michezo 3, na hakuna hata mmoja uliomo kwenye rejista ile. Hakunipa jina lake, nami sikulitaka. Nimeyaandika usiku huu kwenye daftari, kisha nimeukunja ukurasa, kwa kuwa sijui kama ninaruhusiwa kuwa nayo.

Barua zangu nimeziangalia, Mzee, na kweli zimeandikwa "Manispaa ya Ilala". Kiolezo nilipewa na chuo.

Kwa hiyo bado nauliza: kichwa kikibadilishwa kutoka "Vyama" kuwa "Vikundi", je, hilo linahesabiwa COSTECH kuwa marekebisho madogo au ombi jipya? Kesho asubuhi nitashuka kituo cha Sayansi mapema. Kuna anayejua kama siku ya Ijumaa wanapokea watu mpaka saa ngapi?

Mzee wa Kinyerezi, Alhamisi, saa 2:05 usiku

Binti yangu, kabla hujakwenda, usije ukaandika "mchezo" kwenye barua rasmi. Andika "upatu". Mchezo watakupeleka kwa Afisa Michezo.