Tupeane uzoefu: Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu kwa siku moja, mlifanyaje?

Mtoto wa Kabwe (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kila ukisikia watu wanataja kutembea ni Zanzibar, Serengeti, Ngorongoro. Sisi tuliokulia Mbeya tuna ziwa juu ya mlima, halifiki hata kilomita 40 toka mjini, na nusu yetu tunalijua kwa picha za kalenda tu. Mimi nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na miaka 34. Aibu, najua.

Tulikuwa watatu. Tukapanda Kosta stendi ya Nanenane saa moja asubuhi, tukajipa akili nyingi: tuanze mbali, tumalizie karibu. Yaani tushuke kwanza Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto Kiwira, na Kijungu, mto huohuo unapoporomoka shimoni, tukirudi tupandie Ngosi. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri kabisa. Daraja tukaliona, Kijungu tukakiona, tukala ndizi, tukapiga soga. Tunafika Mchangani, pale unapoiacha lami kwenda Ngosi, saa inasoma nane kasoro. Bodaboda hadi chini ya msitu, kisha miguu. Msitu una mianzi na migomba pori, njia imejaa mizizi, pumzi zinakata. Tulipofika ukingoni, ndugu zangu, niliona weupe mtupu. Kama mtu kanitupia shuka usoni. Kijana aliyetuongoza akanyoosha kidole, "ziwa liko pale." Nikamwambia nakuamini.

Nataka kurudi mwezi huu. Waliofanikiwa, mlipangaje? Na waliokwama kama mimi, semeni, nisiwe peke yangu.

Kiazi Mviringo
Mkuu, kosa lako ni moja tu, umeanza na mto. Ngosi ni ya asubuhi. Milima ile ya Uporoto mawingu yanapanda jua likishawaka, kuanzia saa saba hivi unacheza bahati nasibu. Mimi ni mtu wa Isongole, nimelima viazi chini ya mlima huo tangu nina akili. Asubuhi ukiona kilele cha Rungwe kimekaa wazi, panda haraka. Ukiona kimevaa kofia, rudi ukanywe chai.

Mto haukimbii wala haufunikwi na ukungu. Huo weka mchana.

Dada wa Ilomba
Mimi nilikuta ukungu vilevile lakini nilikataa kushuka. Nilikaa kwenye gogo na kanga yangu kama dakika arobaini, wenzangu wananinunia, baridi inanipenya hadi kwenye meno. Ghafla ukafunguka. Kuta za kreta, yaani shimo la volkano, zimesimama pande zote, miti imezishikilia hadi majini, na huko chini maji ya kijani yametulia kabisa. Ni mbali chini, kama mita 200. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka, ukiangalia hivi unahisi limefichwa pale makusudi.

Halafu pakafungwa tena. Dakika mbili sijui tatu. Waliokuwa wamenuna ndio walipiga picha nyingi kuliko mimi.

Mzee wa Raba
Na umbo la Afrika uliliona? Maana kila anayepanda anarudi anasema ziwa lina umbo la bara la Afrika. Mimi nimeangalia nikiwa nimesimama, nimeinama, nimepinda shingo. Niliona ziwa.

Dada wa Ilomba
Hahaha. Mimi niliona Afrika, ila Madagaska haikuwepo.

Sajini Mstaafu
Kuna aliyeshuka hadi majini? Mimi nilishuka, nilikuwa kijana bado. Kijia kipo lakini kukiita njia ni heshima. Unashuka kinyumenyume umeshika mizizi, mkono ukiteleza unamkalia aliye chini yako. Kushuka hata nusu saa haikufika. Kupanda sitaki kukumbuka. Siku hiyo nilikuwa na raba zimeisha soli, nikapanda sehemu kubwa kwa magoti. Mvua ikiwa imenyesha jana yake, usithubutu. Ishia ukingoni, ndiko ziwa linakoonekana vizuri hata hivyo.

Kingine, msituni angalieni matawi. Kuna kinyonga wa kule mwenye pembe tatu puani, kama kifaru mdogo. Na mbega weusi kwa weupe, hao mtawasikia kabla ya kuwaona.

Mama Wawili
Naomba niongelee upande wa mto maana wote mmekazana na ziwa. Sisi tulitoka Dar kuja kwa wakwe, Tukuyu, tukawa na watoto, mmoja miaka sita, mwingine tisa. Ngosi tukaiacha, ule mlima si wa mtoto wa miaka sita labda umbebe. Tukaenda Daraja la Mungu.

Jamani, ni mwamba mzima, umepinda juu ya mto Kiwira kama mtu kaujenga kwa fundi na timazi. Mwanangu mdogo akauliza Mungu alitumia saruji mifuko mingapi. Baba yake akaeleza habari za volkano, kwamba lava iliganda, maji yakaendelea kuula mwamba kwa chini hadi ukabaki upinde. Mtoto akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tena: mifuko mingapi?

Toka pale tukaenda Kijungu. Eneo liko ndani ya Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo getini mnajieleza na kujiandikisha, msianze kupiga picha hovyo kabla ya kuomba. Sasa Kijungu chenyewe: mto wote ule mpana unabanwa na miamba miwili hadi unakuwa mfereji, unaporomoka ndani ya shimo la mwamba, maji yanazunguka humo kama mtu anasonga ugali. Kelele yake unaisikia kifuani. Mume wangu akajisogeza achungulie, upepo ukachukua kofia yake. Tuliitazama. Ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikazama, ikaibuka, ikazunguka tena, ikazama. Haikuibuka. Hakuna aliyecheka. Nilimshika kila mtoto mkono, tukarudi nyuma hatua kumi, nikaanza kuhema vizuri.

Yale mawe ya pembeni yana ukoga wa kijani unaoteleza kama sabuni. Wenye watoto, mikono isiachiane.

Kiazi Mviringo
Pole sana mama. Pale wenyeji wenyewe hatusogei. Anayeoga Kijungu si mwenyeji.

Mjukuu wa Masoko
Ugonile wote. Niongeze ya wazee kidogo. Bibi alikuwa akisimulia kwamba ziwa la Ngosi zamani lilikuwa kwingine, wazee wakachoma jiwe likaiva jekundu wakalitupa majini, ziwa likaudhika likahamia mlimani. Zile habari za hela za Mjerumani kuzamishwa ziwani, bibi alizisimulia juu ya ziwa letu la Masoko, ambalo wengine wanaliita Kisiba. Siku hizi nasikia waongoza wageni wanazipeleka hadi Ngosi. Hela za Mjerumani nazo zimehama kama ziwa!

Fundi Mitambo
Jiwe la moto bibi hakukosea sana. Pale chini kuna moto kweli. Ngosi ni kreta ya volkano, na kampuni ya serikali ya jotoardhi, TGDC, ina mradi eneo hilohilo wa kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Na wilaya hiyohiyo ya Rungwe ndiko inakotoka gesi ya kaboni dayoksaidi inayotiwa kwenye soda. Ukibeua baada ya kunywa soda, shukuru Wanyakyusa.

Mjukuu wa Masoko
Ndaga fijo, asante sana 😂

Mtoto wa Kabwe (mleta mada)
Nimewaelewa. Basi nakwenda hivi: Kosta ya kwanza, saa moja na nusu niwe Mchangani, saa nne niwe ukingoni. Kiingilio nalipia kwa kontroo namba, naomba risiti, maana safari iliyopita kuna jamaa mmoja njiani alitutoza fedha ya "mlima" na hakuwa mtu wa msitu wala wa kijiji. Saa saba niwe chini, bodaboda, Kosta tena kuelekea Kiwira. Daraja, Kijungu kwa mbali, saa kumi na moja niwe barabarani nawahi gari za Kyela zinazorudi mjini. Sweta mbili, gambuti, na ndizi za kuchoma nitanunua hukohuko.

Sajini, magoti yangu yakigoma nitaishia ukingoni.

Mvuvi wa Itungi
Mama Wawili, kofia ya shemeji ilikuwa rangi gani? Kiwira inamwaga maji kwetu huku Ziwa Nyasa. Wiki iliyopita nyavu zangu zilinasa kitu cha bluu nikadhani ni pelege.

Mama Wawili
Ilikuwa nyekundu, kaka. Endelea kutega.