Kuendeleza hadithi ya Predator kwa bajeti ndogo: inawezekana, na sheria inasemaje?

Kijana wa Pangani ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Sisi ni kikundi cha vijana tunaopiga video za harusi na za wasanii hapa mkoani Tanga, na kwa muda mrefu tumekuwa na hamu ya kutengeneza filamu fupi ya dakika 15 hivi itakayoendeleza Predator, mfululizo wa filamu za kiumbe wa sayari nyingine anayewinda binadamu, ulioanza mwaka 1987 kwa filamu ya John McTiernan ambayo steringi wake alikuwa Arnold Schwarzenegger. Katika hadithi yetu, mwindaji kutoka sayari nyingine anafika kwenye mikoko ya mto Pangani katika karne ya 19, enzi za misafara ya pembe za ndovu, na anayekuja kumkabili ni mpagazi aliyeachwa nyuma na msafara wake kwa sababu ya ugonjwa.

Tuna kamera mbili, kompyuta moja ya kuhariria na waigizaji wanaokubali kufanya kazi bila malipo. Ninaomba ushauri wa dhati juu ya mambo mawili: kwanza, kama kazi ya namna hii inaweza kutazamwa kwa heshima wakati hatuna fedha za kutengeneza vazi la mwindaji wala ule uwezo wake wa kutoonekana, na pili, kama inatosha kisheria kwamba hatutaiuza bali tutaiweka YouTube bure.

Mzee wa Kibanda Umiza amejibu:

Kijana wangu, wazo lenu lina mizizi ndani ya mfululizo wenyewe kuliko mnavyodhani. Mwishoni mwa filamu ya pili, ya mwaka 1990, mwindaji mzee anamrushia askari polisi Harrigan, mhusika mkuu, bastola ya kale iliyochongwa maandishi ya mwaka 1715, na kwa kitendo hicho kimoja watazamaji wakaelewa kwamba viumbe hawa wamekuwa wakija duniani kwa karne nyingi. Mlango ule ulikaa wazi kwa miaka mingi bila studio kuupita kwa filamu nzima. Walioupita mapema ni mashabiki: mwaka 2015 kikundi cha Uingereza chini ya mwongozaji James Bushe kilitoa filamu fupi iitwayo Predator: Dark Ages, ambamo mwindaji anapambana na mashujaa wa msalaba katika misitu ya enzi za kati, kwa fedha zilizochangwa na mashabiki wenzao. Studio yenyewe ilikuja kurudi nyuma kiasi hicho mwaka 2022, ilipotoa Prey, yenye hadithi ya binti wa Kikomanche katika mwaka 1719, na bastola ileile ikaonekana tena.

Kwa hiyo kinachoipa filamu ya mashabiki haki ya kutazamwa ni pengo inayolijaza. Anayerudia yale ambayo Schwarzenegger aliyafanya atalinganishwa naye na atashindwa, lakini hakuna aliyewahi kutuonyesha mpagazi wa Pangani, na mtazamaji hana cha kumlinganisha naye. Mjengeni mpagazi huyo vizuri: ameugua nini, amebeba nini, anaufahamu vipi mkondo wa maji kujaa na kupwa kiasi cha kumnasa adui mwenye silaha kumzidi. Hayo hayahitaji fedha, yanahitaji mjadala mrefu juu ya muswada kabla kamera haijawashwa.

Fundi Taa amejibu:

Nitajibu juu ya vazi na kutoonekana, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Msivunjike moyo, kwa sababu hata studio yenye fedha ilishindwa na vazi mara ya kwanza. Kiumbe wa awali wa filamu ya 1987, ambaye Jean-Claude Van Damme ndiye aliyekuwa amevalishwa vazi lake, alikataliwa. Kazi ya kumbuni upya akapewa Stan Winston, na vazi jipya likavaliwa na Kevin Peter Hall, mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita 2. Hata baada ya kupata vazi zuri hivyo, McTiernan alilificha kwa sehemu kubwa ya filamu. Tunachokiona kwa muda mrefu ni majani yanayotikisika, mwili unaopindisha mwanga, na macho yanayoona joto. Nanyi onyesheni mkono, bega, nyayo kwenye tope la mikoko. Uso ubaki kwa ajili ya dakika za mwisho, na upigwe gizani kwa taa moja ya pembeni.

Kutoonekana kwenyewe kunafanyika hivi. Fungeni kamera kwenye stendi isiyotikisika kabisa, mpige mandhari yakiwa matupu, kisha bila kugusa chochote mpige tena mwigizaji akipita amevaa nguo nyekundu mwili mzima. Nyekundu ndiyo rangi waliyoitumia mwaka 1987 pia, kwa sababu iko mbali na kijani cha msitu na bluu ya anga. Katika programu ya kuhariri mnaiondoa ile nyekundu, na mahali pake mnaweka yale mandhari matupu yakiwa yamepunguzwa au kukuzwa kidogo, ili majani yaliyo ndani ya umbo yasilingane na yaliyo nje yake. Hapo ndipo jicho linapouona mwili bila kuuona. DaVinci Resolve na Blender, zote zinapatikana bure, zinaiweza kazi hiyo. Epukeni siku ya upepo, kwa sababu matawi yakisogea kati ya picha ya kwanza na ya pili ujanja wote unafichuka.

Ile damu ya kijani inayong'aa ilikuwa maji ya vijiti vya mwanga vya kemikali yaliyochanganywa na jeli. Mkiitumia, isiguse macho wala mdomo wa mwigizaji.

Fedha kidogo mliyo nayo iwekeni kwenye sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, lakini hasamehi maneno yasiyosikika, na mikokoni upepo wa bahari utaingia kwenye kila maikrofoni isiyofunikwa.

Mwanasheria wa Mombasa amejibu:

Ndugu Kijana wa Pangani, kutouza si kinga. Hakimiliki inampa mwenye kazi mamlaka ya kuruhusu au kukataza kazi zinazotokana na yake, iwe zinauzwa au zinagawiwa bure, na nchi zetu zote mbili, Tanzania na Kenya, zina sheria zinazolinda kazi za kigeni kwa misingi hiyo. Filamu nyingi za mashabiki zinaishi kwa uvumilivu wa mwenye mali, na uvumilivu huo unaweza kuondolewa siku yoyote.

Mfano mzito zaidi ni wa mfululizo mwingine, Star Trek. Waandaaji wa Axanar, filamu ya mashabiki wa mfululizo huo, walikusanya zaidi ya dola milioni 1 kutoka kwa mashabiki, na mwishoni mwa mwaka 2015 wenye mali, Paramount na CBS, wakawafikisha mahakamani. Mwezi Juni 2016 kampuni hizo zilitoa masharti kwa mashabiki wote: hadithi isizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, na michango isizidi dola 50,000. Mwezi Januari 2017 jaji alikataa utetezi wa matumizi halali, yaani kutumia kazi ya mwingine bila idhini pale sheria inaporuhusu, na pande mbili zikapatana mwezi huohuo. Masharti hayo hayahusu Predator, ambayo sasa iko mikononi mwa Disney, lakini yanaonyesha kinachowaudhi wenye mali: fedha nyingi, urefu wa filamu kamili, na sura inayoweza kumfanya mtu adhani ni kazi rasmi. Andikeni mwanzoni kabisa kwamba ni kazi ya mashabiki isiyo na idhini ya studio, msiwashe matangazo, na msichukue muziki wa filamu zenyewe.

Msisahau pia ya nyumbani. Nchini Tanzania kunahitajika kibali cha Bodi ya Filamu ili kupiga filamu, na mikoko ni misitu ya hifadhi, hivyo ofisi ya misitu lazima ijue mtakachofanya humo.

Binti wa Kampala amejibu:

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Hapa kwetu Wakaliga, mwongozaji Nabwana I.G.G. alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa fedha zisizofika dola 200, bunduki zikiundwa kwa vyuma chakavu, na leo inatazamwa duniani kote. Hakuomba ruhusa ya studio yoyote kwa sababu wahusika ni wake. Mpagazi wenu ni mzuri mno kuishi ndani ya nyumba ya kupanga. Kwa nini msimbuni mwindaji wenu wenyewe?

Jambo moja zaidi: toleo la awali la filamu ile lilipotea, kwa sababu kompyuta ilibidi ifutwe ili kupata nafasi ya filamu iliyofuata. Nunueni diski ya pili kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kijana wa Pangani ameandika:

Nawashukuru sana, wazee na ndugu zangu. Dada wa Kampala, nimelitafakari swali lako na wenzangu. Tunaipenda hadithi hii kwa sababu tuliikuta kibandani tukiwa wadogo, ikisimuliwa kwa Kiswahili juu ya sauti za Waamerika, na tangu hapo tumekuwa tukijiuliza mwindaji yule angekutana na nani kama angeshukia kwetu. Kwa hiyo filamu ya kwanza, ya dakika 15, itakuwa ya mashabiki, bure, na yenye maelezo mwanzoni kwamba haina idhini ya studio, kama Mwanasheria alivyoshauri. Mpagazi tutampa jina na historia isiyotegemea filamu yoyote, ili mwanzo huu ukipokelewa, safari yake inayofuata iwe mali yetu.

Fundi Taa, nina swali dogo: maji ya mto yakiwa yanasogea nyuma ya mwigizaji, picha mbili zitalingana kweli?

Fundi Taa amejibu:

Hazitalingana, na kwenye maji haidhuru, kwa sababu mawimbi hayafuati mpangilio ambao jicho linaweza kuukariri. Hakikisheni tu kwamba mwanga haujabadilika, na kwamba mstari wa ufuko umebaki palepale. Pigeni picha zote mbili ndani ya dakika chache, kabla maji hayajaanza kupwa.