Ganda, gamba, gome: wakuu hebu nisaidieni kabla sijaenda kugombana na mwalimu

Baba Wawili:
Wakuu habari za jioni. Mwanangu wa darasa la nne karudi na daftari la Kiswahili limejaa wino mwekundu. Kaandika "ganda la mti", kakosa. "Ganda la samaki", kakosa. "Gamba la ndizi", kakosa. Kapata moja tu, ganda la yai. Sasa mi nimekulia bara huko, kwetu vyote tulikuwa tunaita maganda na maisha yanaenda, kwa hiyo nikisema nimsaidie tutakosa wote wawili. Mama yake anasema ni rahisi, ganda ni la mmea na gamba ni la mnyama. Nikamuuliza na yai je, limeota mtini? Kaninunia mpaka saa hizi. Tofauti yake ni nini haswa?

Sato Mbichi:
Mkuu la samaki usibishane na mwalimu, ni magamba hayo. Mi niko Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, kazi yangu kuparua sato kutwa nzima, na ukiparua unatoka mkiani unakwenda kichwani, yanaruka hayo magamba yanakupata usoni, yanaganda kwenye viwiko, yakikauka yanakuwa kama kucha za mtoto. Nikipanda daladala sina haja ya kusema nafanya kazi gani. Kuna dada juzi kanunua kambale akaniambia nimtolee magamba, nikamwambia dada huyu hana hata moja, hana cha kuparua huyu, ana ngozi na utelezi tu. Akahisi namtegea kazi.

Bint Jambiani:
Nyie wa bara mna bahati mnahangaika na maneno matatu. Njooni kwetu muulize la nazi. Ukimwambia bibi yangu "ganda la nazi" atakuuliza lipi, maana lile la nje lenye nyuzi ni kumbi, na lile gumu la ndani ni kifuu. Kumbi unalitoa kwa kufua nazi, unaipiga kwenye kifuo, ile ncha kali iliyosimamishwa chini, unaizungusha mpaka inabaki nazi tupu. Makumbi hayatupwi, yanafukiwa pwani kwenye mchanga maji kupwa, yanakaa miezi mpaka yaoze, halafu wanawake wanayafukua wanayaponda kwa magongo zinabaki nyuzi safi, ndo usumba huo, zinasokotwa kamba. Harufu yake siku ya kufukua usiniulize. Kifuu nacho kinatiwa mpini kinakuwa upawa wa kuchotea mchuzi. Sasa mtu aje aseme ganda, ganda, kama vile kitu ni kimoja!

Mzee wa Vitenzi:
Baba Wawili, nimefundisha Kiswahili miaka mingi, nikupe njia niliyokuwa nawapa watoto. Usimuulize mtoto kitu kinaitwaje, muulize kinatolewaje. Ndizi unaimenya, chungwa unalimenya, yai la kuchemsha unalimenya, basi hayo yote yana maganda. Samaki unampara au unamparua, ana magamba. Mti unaubambua, kilichotoka ni gome. Mbuzi unamchuna, hiyo ni ngozi. Mpunga unakobolewa, kinachotoka ni makapi au pumba, na ndo maana mtu akiongea ovyo tunasema anaongea pumba, yaani mchele haumo. Ugomvi wa ndoa nao uishe: shemeji hakukosea sana, ila yai limemponza. Kuku mwenyewe ana ngozi, yai lake lina ganda, na likishatolewa kilichomo likabaki tupu kuna wanaoliita kaka.

Mmakonde Asilia:
Mzee hapo kwenye vitenzi umesahau korosho!! Korosho haimenywi wala haikobolewi, INABANGULIWA. Na ganda lake sio la kuchezea, lina mafuta yanayounguza. Mama yangu alikuwa anabangulia nyumbani Newala, zinachomwa kwanza kwenye bati moto unaruka juu, ndo zinagongwa moja moja, anajipaka majivu vidoleni na bado ncha za vidole zilikuwa nyeusi zinabanduka. Nikiona mtu mjini anatafuna korosho huku anaangalia simu roho inaniuma kidogo, sitaki kudanganya.

Kiroboto:
Mbona mmeruka gamba la nyoka? Mmesahau 2011 CCM, chama tawala Tanzania, walivyotangaza kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi wao wenye tuhuma za ufisadi? Mwezi wa 7 kada wao Rostam Aziz akaachia ubunge wa Igunga, uchaguzi mdogo ukafanyika Oktoba, na kuanzia hapo wapinzani wakawa wanawaita wenyewe "magamba". Mi nilikuwa sekondari, mwalimu wa biolojia akatuambia nyoka akijivua anabaki nyoka yule yule, tena anang'aa zaidi. Darasa zima tulicheka, ye hakucheka.

Mzee wa Vitenzi:
Kiroboto siasa peleka jukwaa lake. Ila kweli, nyoka ni gamba na kobe pia ni gamba. Kobe ndo anawachanganya watu kwa sababu lake halitoki.

Masaka Boy:
Mimi niko Uganda, mnisamehe Kiswahili changu. Kabla mtu hajauliza, sisi Waganda hatuhusiani na ganda 😂. Lakini gome tunalijua. Kuna mti unaitwa mutuba, gome lake linabambuliwa lote kuzunguka shina, halafu shina linafungwa majani ya mgomba kama mgonjwa aliyefungwa bandeji, linaota gome jipya na mwaka mwingine unabambua tena. Lile gome linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka linatanuka linakuwa nguo, rangi ya udongo hivi. Mwaka 2005 UNESCO waliitambua kazi hiyo. Babu yangu alizikwa nayo. Kwa hiyo ukiita ganda la mti hapa kwetu, wazee wataona umewatukana.

Bint Jambiani:
@Masaka Boy hiyo ya kumfunga mti bandeji nimeipenda.
Jamani na ile methali je? Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Mi mpaka naingia kidato cha tatu nilijua chungu ni cha kupikia, nawaza chungu kinaonaje? Kumbe ni mdudu chungu, sisimizi yule. Wewe jana umetafuna muwa ukatema ganda ukaona takataka, mwenzio asubuhi kaona ni mavuno. Siku nilipoelewa ndo nikaacha kuwacheka wanaookota makumbi.

Baba Wawili:
Asanteni sana wakuu, mwalimu yuko sahihi, siendi tena. Nimekaa na dogo tumefanya kwa mtindo wa Mzee, kamenya, kapara, kabambua, kapata zote mpaka ya mpunga. Na shemeji yenu nimemwomba msamaha, kasema atafikiria. Tatizo sasa dogo kainua suruali kanionyesha goti aliloanguka nalo wiki iliyopita, kauliza "na hili linaitwaje baba, ganda au gamba?" Nimemwambia subiri niulize watu.

Mzee wa Vitenzi:
Kigaga. Na mwambie asikibandue.