Mrejesho: sauti ya rekoda kuachana na midomo

Wakuu, nilileta shida ya mahojiano niliyopiga video kwa simu na kunasa sauti kwa rekoda ya pembeni: sauti ya rekoda kuanza sawa na picha, kisha kuachana nayo kadiri yanavyosonga. Asanteni sana, imekaa sawa. Aliyesema simu hurekodi kwa kasi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) inayobadilika-badilika alilenga penyewe. Nilipitisha video kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, nikachagua kasi isiyobadilika, fremu 30 kwa sekunde, ndipo nikaiachia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ilinganishe mawimbi ya sauti ya simu na ya rekoda. Sasa midomo na maneno vinakwenda pamoja hadi mwisho.

Kipande cha ngoma kimegoma. Simu ilikuwa mbali, sauti yake imejaa kelele za watu, programu haikupata pa kushika. Hicho nimekioanisha kwa mkono: fremu ambayo kiganja kinagusa ngozi, na mshindo wake kwenye rekoda.